Binti Farao Ndani ya Mafunjo ya Mto Mara

Maji ya Mto Mara yanayopita kwetu Buswahili yanaishia Misri. Yanatoka msitu wa Mau, Kenya, yanapita mbugani wanakovukia nyumbu, yanaingia kwenye kinamasi chetu, yanapita chini ya daraja la Kirumi na kumwagika Ziwa Victoria, na kutoka ziwani Mto Nile unayachukua mpaka bahari ya Mediterania. Mafunjo yaliyofunika kinamasi hiki ni mmea uleule ambao Wamisri wa kale walitengenezea karatasi, na katika majani ya mtoni ya nchi hiyo ndimo mama yake Musa alimoficha mwanawe. Haya yote niliyajua zamani, kama mtu anavyojua jiografia ya shule ya msingi. Niliyaelewa siku nilipotakiwa kuyachora.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na uchoraji haunilishi. Ila kila wiki, usiku watoto wakishalala, nachora picha moja kwa kalamu ya wino, na Jumamosi asubuhi naipeleka kwenye jumuiya. Nimejiwekea masharti mawili. Picha itokane na Injili ya Jumapili inayokuja, au na mafundisho ya watoto ya wiki hiyo. Pia iwe na kitu ambacho watu wamekizungumza kijijini wiki hiyohiyo: wimbo, mechi, filamu, au neno jipya lililoingia na bodaboda kutoka Musoma mjini. Baada ya sala inapita mkono kwa mkono, kila mtu anasema lake, kisha katekista anaibandika ukutani kwenye kigango mpaka wiki inayofuata.

Wasomaji wa mbali huenda wasijue uzito wa jumuiya ndogondogo kwa watu wa Mara. Huko Nyarombo, ng'ambo ya mto upande wa Rorya, Wakristo walikuwa wakikutana katika vikundi vidogo tangu miaka ya 1960, kabla maaskofu wa Afrika Mashariki hawajaufanya utaratibu huo kuwa mpango wa Kanisa zima. Jumuiyani ndiko mtu asiyejua kusoma anakomjibu mwalimu bila woga. Kwa mchoraji hakuna mahali bora zaidi pa kupeleka kazi.

Turudi kwa Musa. Wiki ile watoto wa komunyo ya kwanza walikuwa wakifundishwa habari za kuzaliwa kwake. Nilishuka kinamasini nikakata bua la funjo nilitazame. Nimekulia karibu nayo na sikuwa nimewahi kuona kwamba bua lake lina pembe tatu. Ndani ni jeupe, jepesi, limejaa hewa, ndiyo maana linaelea. Juu kuna kishada cha nyuzi za kijani kinachoinama upepo ukivuma. Mama mmoja anayefuma mikeka alinionyesha namna wanavyoyakata mabua, wanavyoyapasua na kuyaanika, na jinsi ya kuyapanga ili mkeka usifumuke ukingoni. Fundi mitumbwi aliyekuwa karibu alisikiliza, kisha akauliza kikapu hicho kilizibwa kwa nini. Nikamwambia Biblia inasema lami. Akatikisa kichwa kuridhika. Yeye huziba mbao kwa pamba, kalafati, na alitaka kuhakikisha mama yule hakuwa mzembe.

Kwa hiyo kikapu nilikichora vizuri, na mafunjo nikayachora kwa pembe zake tatu. Dada yake Musa nikamsimamisha kwenye kichuguu, macho yake kwenye maji, maana kwetu kuna mamba na viboko na hakuna mtoto anayesimama ukingoni akitazama mawingu. Binti Farao nikamfanya staa wa Bongo Fleva. Alikuwa na miwani mikubwa, kucha ndefu, walinzi wawili wenye suti, na msichana mmoja anamrekodi kwa simu. Wiki hiyo redio na simu zote zilikuwa zinazungumzia sherehe ya msanii mmoja huko Dar es Salaam, na vijana walimtambua mara moja mtu wa aina hiyo.

Watoto walicheka sana. Picha ilipofika kwa bibi mmoja, akaisogeza mbali na macho, akaiangalia, akaniambia, "Mwalimu, huyu dada na kucha hizo ataingia matopeni?"

Nikasema haingii yeye, kitabu kinasema alimtuma mjakazi wake.

"Basi aliyelowa yuko wapi?"

Hakuwemo. Nilikuwa nimechora staa na walinzi wake, na mtu pekee aliyeingia majini siku ile sikumpa hata mstari mmoja. Mazungumzo yakahamia kwa mjakazi. Karibu kila kaya jumuiyani ina binti aliyekwenda Mwanza au Dar kufanya kazi za ndani. Mama mmoja akasema wa kwake huamka saa kumi alfajiri. Mwingine akasema wake hajapiga simu tangu Pasaka. Tukakaa kwa mjakazi wa binti Farao muda mrefu kuliko tulivyowahi kukaa kwa Musa mwenyewe, na jioni ile, kwenye karatasi ileile, nikamwongeza. Maji yamemfika kiunoni, kikapu kiko kichwani, uso ameugeuzia upande ambako mamba angeweza kutokea.

Tangu hapo najua ninachotafuta kila wiki. Umaarufu wa staa unawaleta watu kwenye karatasi kwa kicheko. Wakishafika wanaanza kuuliza maswali ambayo hawayaulizi mbele ya mimbari, kwa sababu mbele ya mimbari kila kitu kinaonekana kimeshajibiwa. Mchoro una nafasi tupu, na mtu anaweza kuinyooshea kidole.

Kuchora nilijifunza kwa kunakili. Nakala chakavu za jarida la Sani zilifika kijijini zikiwa hazina jalada, na kina Lodi Lofa, Ndumilakuwili na Madenge niliwachora kwenye majalada ya madaftari yangu mpaka nikapigwa marufuku. Baadaye yakaja mabanda ya video, genereta likinguruma nje na sauti ya Lufufu ikitueleza kwa Kiswahili yanayotokea kwenye filamu ya Kichina au ya Kihindi. Lufufu alikuwa msanii mkubwa na nasema hivyo kwa moyo wote. Alichukua hadithi ya watu wa mbali akaileta kwenye benchi la mbao, mzee wa kijijini akatoka anajadili ugomvi wa familia ya Bombay kwa uchungu wa jirani.

Yesu naye nilimjua kwanza kwa picha. Ile iliyoning'inia sebuleni kwetu, ya uso wenye nywele za kahawia ukitazama pembeni, ilichorwa na Warner Sallman wa Chicago mwaka 1940 na imechapishwa zaidi ya nakala milioni 500. Halafu ikaja filamu ya Yesu, ile ya 1979 iliyofuata Injili ya Luka, ambayo imetafsiriwa katika lugha zaidi ya 2,000. Iliwekwa kwenye shuka jeupe uwanjani usiku, kijiji kizima kikakaa chini, Wakatoliki, Wamenonite na Wasabato pamoja. Mwigizaji wake alikuwa Mwingereza, Brian Deacon. Kwa miaka mingi nikifumba macho kusali nilimwona yeye, akizungumza Kiswahili fasaha. Sioni ubaya wowote kwamba imani yangu ilipitia sebuleni na kwenye shuka la sinema. Ilipita mahali palipokuwa na mlango.

Ila kunakili kuna mwisho wake. Elimo Njau, mchoraji aliyezaliwa Marangu mwaka 1932 na kusoma Makerere, alianzisha Nairobi mwaka 1965 nyumba ya sanaa ya Paa ya Paa, na msimamo wake unajulikana na wasanii wengi wa Afrika Mashariki: anayenakili anamlaza Mungu usingizi. Hayakuwa maneno matupu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alikuwa amechora kuta za kanisa kuu la Kianglikana la Murang'a maisha ya Kristo, tangu kuzaliwa hadi msalabani, Yesu akiwa Mwafrika na nchi ikiwa ileile ambayo waumini wanaiona wakitoka mlangoni. Kanisa lenyewe lilikuwa kumbukumbu ya Wakristo waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Fikiria mjane ameketi mbele ya ukuta huo, na anayeteseka pale juu ana uso wa watu wa kwao.

Karibu zaidi na sisi, Bujora nje kidogo ya Mwanza, Padre David Clement aliwaacha Wasukuma walete alama za watemi wao ndani ya kanisa, na altare ikachukua umbo la kiti cha utemi. Na hapa wilayani kwetu Butiama tunaye Mwalimu Nyerere. Wengi wanamkumbuka kwa siasa na kwa kutafsiri tamthilia za Shakespeare. Wachache wanajua kwamba baada ya kung'atuka alizigeuza Injili nne na Matendo ya Mitume kuwa tenzi, zikachapishwa mwaka 1996. Utenzi ndiyo njia ambayo watu wa pwani wamepokelea habari kubwa kwa karne nyingi, na mzee wa Butiama aliiona inafaa kubeba habari ya Bethlehemu. Mimi ninachofanya na mechi ya Jumapili ni jambo la namna hiyohiyo kwa kipimo kidogo.

Nimetaja mechi. Julai 2022 Injili ilikuwa ya Msamaria Mwema, na nchi ilikuwa inazungumza mpira peke yake. Yanga walikuwa wametwaa ubingwa bila kupoteza mchezo hata mmoja, baada ya Simba kuushika misimu minne mfululizo, na huku kwetu Biashara United ya Musoma ilikuwa imeshuka daraja. Picha ilijichora yenyewe. Mtu wa jezi ya kijani na njano amelala kando ya barabara ya vumbi, amepigwa, pochi imeibwa. Padri anapita na pikipiki yake anatazama saa. Katekista anapita na baiskeli. Anayesimama ni wa jezi nyekundu, amemkalisha majeruhi kwenye pikipiki na anamfunga kidonda kwa skafu ya Simba.

Nilihofia katekista atakasirika. Aliitazama kwa muda, akaomba akakae nayo nyumbani usiku mmoja kabla ya kuibandika. Vijana walishangilia kama wako uwanjani. Wale wa Yanga wakadai majeruhi angekuwa wa Simba, kwa kuwa ndio waliopigwa msimu ule. Ilikuwa asubuhi nzuri.

Akanyanyuka mzee mmoja mvuvi, mtu wa maneno machache. Akasema, "Mura, hawa wa Simba na Yanga ni ndugu. Jioni wanakunywa chai sufuria moja. Yesu alisema Msamaria ili watu waumie. Hapa nani kaumia?"

Nilikwenda nyumbani na swali hilo. Picha ile naipenda bado, na isingekuwa hiyo mzee asingesema lolote. Lakini alikuwa ameona kitu ambacho utani wa jadi haukifikii. Uadui wa Simba na Yanga tumeuchagua wenyewe na tunaufurahia, wakati Myahudi aliyelala barabarani hakuuchagua uadui wake na Msamaria na wala hakuufurahia. Kwetu pembezoni mwa kinamasi uadui wa namna hiyo upo. Kiangazi malisho yakikauka mifugo hushuka mtoni, na mtoni ndiko kuna mahindi. Mwenye shamba hulala nje na panga. Mwenye ng'ombe hulala nje na mkuki. Kuna familia ambazo hazizikani.

Wiki iliyofuata nilichora Injili ileile kwa mara nyingine, kitu ambacho sikuwa na desturi ya kukifanya. Shamba limekanyagwa, mahindi yamelala. Mkulima yuko chini, kichwa kinavuja damu. Aliyepiga goti anamwinua ni mchungaji, fimbo ameiweka kando, na nyuma yake ng'ombe wake wangali wanatafuna mahindi ya yule anayemwokoa. Hao ng'ombe niliwafikiria sana. Kuwaondoa kungeifanya picha iwe njema na ya uongo. Anayesaidia ni yuleyule aliyekukosea, na hasara bado inaendelea.

Hakucheka mtu. Baba mmoja aliirudisha karatasi kwa jirani yake bila kuitazama mara ya pili. Mwingine akauliza kwa hasira nani atalipa mahindi, na jumuiya nzima ikashindwa kumjibu, mimi nikiwa wa kwanza. Yule mzee alisema neno moja tu, kwamba sasa ndiyo yenyewe. Mpaka leo nikipita kigangoni naona mahali ilipobandikwa, na najua kuna mtu mmoja ambaye Jumapili hiyo alikaa benchi la upande mwingine asiione.

Katika mwaka huohuo, miezi minne nyuma, mto ulikuwa umetupa picha ambayo hakuna aliyeitaka. Machi 2022, tukiwa kwenye Kwaresima, maji ya Mto Mara yaligeuka meusi, yakatoa harufu mbaya, na samaki wakaelea wamekufa. Kambare, samaki anayevumilia tope na maji machache kuliko wengi, naye alikufa. Serikali ilisitisha kwa muda uvuvi na matumizi ya maji, ikaunda kamati ya wataalamu, na kamati ikataja kinyesi na mkojo wa mifugo kuwa chanzo, jambo lililozua mabishano makubwa nchini. Mimi si mkemia na siingii humo. Ninachokumbuka ni simu. Sauti zilikuwa zikisambazwa kwenye makundi ya WhatsApp kutwa nzima, huyu akisema ni pigo la kwanza la Misri, yule akitaja siku ya mwisho, wengine wakirusha picha za sinema zenye mto mwekundu na Musa ameinua fimbo.

Kila mtu alitegemea nitamchora Musa na fimbo, na vijana walikuwa wameshanipa sura ya Farao wanayemtaka. Nilikaa na ukurasa wa kitabu cha Kutoka, sura ya 7, nikausoma mpaka mwisho, na mwishoni kabisa kuna jambo ambalo sinema hazina haja nalo. Wamisri wa kawaida wakachimba kandokando ya mto kutafuta maji ya kunywa, kwa kuwa ya mto hawakuweza kuyanywa. Hao ndio niliowachora: mama na wanawe wawili, wamepiga magoti ukingoni, wanachimba kwa jembe na sahani ya bati, ndoo ya njano imelala pembeni. Hakuna Farao wala fimbo. Mama aliyekaa karibu nami aliipokea akasema, "Huyo ni mimi juzi," akampa mwenzake. Wiki hiyo hatukuzungumza tena habari za mwisho wa dunia. Tulizungumza nani ana kisima, nani ana mgonjwa, na nani ana punda.

Kuna swali naulizwa na walimu wenzangu: kwa nini usijifunze vizuri ukauze? Nawajibu kwa habari ya Kiabakari. Pale, kwenye kituo cha hija cha Huruma ya Mungu, watu wa Butiama na mikoa ya jirani hupiga magoti mbele ya picha ya Yesu anayetoa miale miwili moyoni, mwekundu na mweupe. Picha ya kwanza ya namna hiyo ilichorwa Vilnius mwaka 1934 na Eugeniusz Kazimirowski, kwa maelekezo ya mtawa Faustina Kowalska. Faustina mwenyewe ameandika kwamba alipoiona alilia, kwa kuwa haikufikia uzuri aliouona, na akajibiwa katika sala kwamba ukuu wa picha hautoki kwenye rangi wala brashi. Mchoraji yule alikuwa fundi aliyesomea kazi yake. Kama yeye hakuufikia, sina sababu ya kuiweka kalamu yangu chini eti mikono ninayoichora haijanyooka. Nashughulikia mikono hiyo kila wiki, na naona inanyooka.

Jumamosi hizi watoto nao wanaleta za kwao. Binti mmoja wa darasa la tano amekataa kabisa kunakili Yesu wangu. Wa kwake ana ndala, na amembebesha dumu la lita 20, kwa maelezo kwamba aliyetembea kutoka Galilaya mpaka Yerusalemu lazima alikuwa na maji.

Sasa tumefika kwa wanawali kumi, na kuna ubishi. Vijana wanataka taa ziwe simu. Wenye busara wamechaji, wapumbavu chaji imewaishia, na bwana arusi anaingia kwa msafara wa magari unaopiga nyimbo za Rose Muhando. Nimeipenda, isipokuwa mmoja wao amekumbusha kwamba chaji siku hizi inaazimwa kwa pawabenki, na kwenye Injili mafuta hayakuazimwa. Wenzake wakamwambia basi hao wenye busara walikuwa na choyo. Bibi yule wa mjakazi anasema koroboi bado zipo, anayo moja nyumbani, niende nikaichore, na yeye atanieleza mafuta ya taa yakibaki kidogo mtu hufanya nini. Nimemwambia nitakwenda Alhamisi.